Iowa: Kati ya Mito Miwili, Nyumba Bado Inanunulika

Mtu akipiga simu nyumbani kueleza kwamba amepata pa kuishi Marekani, swali la kwanza baada ya salamu huwa ni moja: uko mji gani? Akitaja New York, upande wa pili hushangilia. Akitaja Texas, hakosekani binamu aliyewahi kufika Houston. Akitaja Iowa, laini hunyamaza kidogo, kisha mtu huuliza: "Iowa? Hiyo nayo iko Marekani?"

Wengi wetu tulilisikia jina hilo mara moja tu, tarehe 3 Januari 2008, Barack Obama, mtoto wa Mkenya, aliposhinda kura za mchujo za chama chake huko na dunia ikaanza kuamini kwamba anaweza kufika Ikulu. Baada ya usiku ule, jina likasahaulika tena.

Wamarekani wenyewe huijua Iowa kwa kuitazama kutoka juu, wakiwa kwenye ndege inayotoka pwani moja kwenda nyingine. Wanachokiona ni miraba: mahindi, soya, mahindi tena. Miraba hiyo ina asili yake. Sheria ya upimaji wa ardhi ya 1785 iliagiza nchi mpya za magharibi zikatwe vipande vya maili moja kila upande, na hadi leo barabara za changarawe vijijini hufuata mipaka hiyo. Abiria hufunga kidirisha, na jimbo la watu milioni 3.2 likabaki chini bila kutazamwa.

Makala haya ni kwa ajili ya anayeishi huko chini, na kwa ajili ya jamaa yake anayeona haya kidogo kulitaja jimbo hilo mbele za watu. Kwa maana Kiswahili kimeshafika. Kile cha Uvira, Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura kinasikika madukani na makanisani katika miji ya Iowa City, Coralville, Cedar Rapids, Waterloo na Des Moines. Watu hawa hawakupotea njia. Walifuata kazi, wakafuata ndugu, na wengi wao wakakuta kitu ambacho kwenye miji yenye majina kinazidi kuwa adimu: mlango ambao ufunguo wake ni wako mwenyewe.

Hesabu ya mlango

Tuanze na namba, kwa sababu ndizo zinazowahamisha watu. Takwimu za Ofisi ya Sensa ya Marekani za kati ya 2018 na 2022 zinaonyesha kwamba ukizipanga nyumba za Iowa zinazokaliwa na wenye nazo, kuanzia ya thamani ndogo hadi ya thamani kubwa, ile ya katikati ni kama dola 182,000. Kwa Marekani nzima, ya katikati ni kama dola 282,000. Kwa California ni zaidi ya dola 650,000. Bei zimepanda kila mahali tangu wakati huo, Iowa ikiwemo, lakini pengo halijazibika.

Sasa tuzipeleke namba hizo kwa mfanyakazi. Iko mikopo ya nyumba yenye dhamana ya serikali kuu inayomruhusu mnunuzi mwenye rekodi nzuri ya kulipa madeni kutanguliza asilimia 3.5 tu ya bei. Kwa nyumba ya dola 182,000, hiyo ni dola 6,370. Kwa nyumba ya dola 650,000, ni dola 22,750. Mume na mke wanaopokezana zamu kiwandani wanaweza kuzidunduliza dola elfu sita na kitu kwa mwaka mmoja au miwili wakijibana. Elfu ishirini na mbili, huku kodi ya pango inameza mshahara kila mwezi, huachwa kuwa ndoto ya mtoto.

Kwa Muislamu anayekwepa riba, udogo wa bei una maana nyingine tena. Katika miji midogo ya ndani bado zipo nyumba za zamani zinazouzwa chini ya dola laki moja, kiasi ambacho ndugu wawili watatu wanaoshikana mikono wanaweza kukikamilisha bila kuingia benki.

Na nyumba yenyewe ikoje? Mara nyingi ni ya mbao, ina chumba cha chini ya ardhi kinachotumika kama stoo na kama kimbilio la siku ya kimbunga, na nyuma yake kuna uwanja. Uwanja huo ni nusu ya utajiri wa nyumba. Udongo wa Iowa ni mweusi na laini, na kuanzia Mei hadi Septemba huotesha karibu chochote utakachoufukia: mahindi, maharage, maboga, mchicha ambao ndugu zetu wa Kongo huuita lengalenga. Sombe, yaani kisamvu, haiwezi baridi, hiyo hununuliwa dukani ikiwa imegandishwa. Lakini mama aliyekulia shambani huko Fizi hana haja ya kufundishwa la kufanya na uwanja wa hatua ishirini kwa thelathini.

Muda nao una bei. Safari ya kwenda kazini Iowa huchukua kwa wastani kama dakika 20, wakati wastani wa nchi unazidi dakika 26. Dakika hizo chache kila asubuhi na kila jioni zikikusanywa kwa mwaka, ni siku nzima nzima ambazo mzazi anakuwa mezani na watoto badala ya kuwa kwenye foleni. Mtoto wa miaka minne ana nafasi ya chekechea inayogharimiwa na jimbo kwa saa zisizopungua kumi kwa wiki, mpango ulioanza 2007. Na unga, mchele, nyama na mboga vya kupika nyumbani havitozwi kodi ya mauzo.

Waliotangulia kutafuta cha kwao

Anayedhani kwamba habari ya mgeni kuja Iowa kujipatia cha kwake imeanza juzi, na amsome Ralph.

Ralph alikuwa mtumwa huko Missouri. Mwaka 1834 aliandikiana mkataba na bwana wake, Montgomery: aende Dubuque, kwenye machimbo ya madini ya risasi kando ya Mto Mississippi, afanye kazi, alipe dola 550 pamoja na riba, na awe huru. Alichimba miaka mitano, fedha haikutimia. Wakatumwa watu wa kumkamata na kumrudisha. Mkulima aliyeshuhudia akakimbilia kwa jaji. Julai 1839, Iowa ikiwa bado haijawa hata jimbo, mahakama yake ya juu ilikaa kuamua kesi hiyo, ya kwanza katika kumbukumbu zake, na ikasema Ralph anadaiwa deni kama mdaiwa mwingine yeyote, lakini deni halimrudishi mtu utumwani. Akatoka mahakamani akiwa mtu huru.

Miaka 18 baadaye wakaja wanunuzi wengine, ambao ajabu yao ni kwamba walikuwa wananunua kilichokuwa chao. Wameskwaki, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili, walikuwa wamenyang'anywa nchi hii na kupelekwa Kansas kwa nguvu. Mwaka 1857 walikusanya fedha zao wenyewe, wakarudi, wakanunua ekari 80 kando ya Mto Iowa katika wilaya ya Tama. Mataifa mengi ya wenyeji yalibakiwa na maeneo yaliyotengwa na serikali. Hawa wana ardhi waliyoilipia. Wameendelea kununua tangu siku hiyo, na leo makazi yao yamepita ekari 8,000.

Mji wa Muscatine, kwenye kingo za Mississippi, ulikuwa na kinyozi Mweusi aliyeitwa Alexander Clark, aliyepanda hadi kuwa mfanyabiashara wa mbao na mwenye viwanja. Binti yake Susan, mwenye miaka 12, alikataliwa na shule ya jirani kwa sababu ya rangi yake. Clark akaenda mahakamani, na mwaka 1868 Mahakama ya Juu ya Iowa ikaamua kwamba mtoto huyo hawezi kutengwa. Marekani nzima ilisubiri uamuzi wa namna hiyo kwa miaka 86 zaidi, hadi 1954. Clark alimaliza maisha yake Monrovia mwaka 1891, akiwa mwakilishi wa Marekani nchini Liberia.

Iowa haikuwa pepo. Mwaka 1851 bunge lake lilipitisha sheria ya kuwazuia Weusi huru kuhamia. Lakini ukiziweka habari hizi tatu pamoja, unaona jambo ambalo haliandikwi kwenye mabango ya utalii: mnyonge alikuja hapa na hoja yake mkononi, akaitetea, na mara kadhaa akasikilizwa. Hata mwaka 1975, wakimbizi wa Tai Dam kutoka Laos walipoomba wahamishwe wote pamoja bila kutawanywa, gavana aliyewaitikia alikuwa Robert Ray wa Iowa.

Uzuri unaotaka kushuka garini

Kabla ya mahindi kulikuwa na nyasi. Sehemu kama nne kwa tano za Iowa zilikuwa prairi, yaani mbuga ya nyasi ndefu zinazoweza kumpita mtu mzima urefu, zenye mizizi inayozama mita tatu chini. Mizizi hiyo, ikifa na kuzaliwa upya kwa maelfu ya miaka, ndiyo iliyotengeneza ule udongo mweusi. Kisha likaja jembe la chuma, na katika muda wa maisha ya mtu mmoja mbuga ikaisha. Leo imebaki chini ya sehemu moja kwa elfu.

Ilipobaki pana jambo la kumgusa Mswahili. Masalia mazuri ya mbuga hiyo yako makaburini. Walowezi wa kwanza walizika wafu wao kwenye nyasi, na kwa heshima ya wafu hakuna aliyelima hapo. Makaburi ya Rochester, katika wilaya ya Cedar, yana ekari 13 tu, lakini kila Mei huchanua maua ambayo mashamba yaliyoyazunguka yameyasahau kabisa. Mwenye kuzijua kaya za Wamijikenda, misitu iliyosalimika kwa sababu ni mahali pa wazee, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Mbuga nyingine inarudishwa kwa mkono. Karibu na mji mdogo wa Prairie City, mashariki kidogo ya Des Moines, hifadhi ya Neal Smith imekuwa ikipanda upya nyasi za asili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1996 wakarejeshwa nyati wa Marekani. Unaendesha gari taratibu ndani ya uzio wao, nao wanakutazama kwa ule utulivu wa mnyama anayejua uzito wake.

Nenda magharibi, ukingo wa Mto Missouri, na hadithi kwamba Iowa ni tambarare inakufa hapo hapo. Milima ya Loess ni vumbi tupu lililopeperushwa na upepo wakati wa enzi ya barafu, likarundikana mpaka kimo cha mita 60 na kujikunja kama matuta ya jangwani yaliyovaa nyasi. Nchi inayoizidi kwa unene wa udongo wa namna hiyo ni China.

Nenda kaskazini mashariki, kwenye majabali ya juu ya Mississippi. Hapo, ndani ya msitu, mababu wa wenyeji walijenga vilima vya udongo zaidi ya 200, baadhi vikiwa na umbo la dubu na ndege. Dubu mkubwa kuliko wote ana urefu wa mita 42 na kimo cha mita moja. Ukisimama kando yake unaona kituta tu. Ukizunguka polepole ndipo bega linapotokea, kisha mguu, kisha kichwa. Miezi ya baridi, tai wenye vichwa vyeupe hukusanyika kwenye mabwawa ya mto huo, kule kusini Keokuk hasa, ambako maji hayagandi na samaki wanaonekana.

Watu wa hapa wana namna zao za kuifurahia nchi yao, na nyingi hazina kiingilio kikubwa. Mwaka 1973 waandishi wawili wa gazeti la Des Moines Register waliwaalika wasomaji kuvuka jimbo kwa baiskeli pamoja nao. Safari hiyo, RAGBRAI, haijawa mashindano hadi leo: kila mwisho wa Julai maelfu ya watu huchovya gurudumu la nyuma kwenye Missouri, hupanda na kushuka kwa wiki nzima wakilala katika miji midogo inayowapikia, na huchovya gurudumu la mbele kwenye Mississippi. Kati ya Madrid na Woodward kuna daraja la zamani la reli lililogeuzwa njia ya baiskeli na miguu mwaka 2011, lenye urefu wa kama mita 800 na kimo cha mita 40 juu ya bonde la Mto Des Moines. Usiku fremu zake za chuma huwaka buluu. Zimepangwa zifanane na mbao zilizozuia mashimo ya makaa ya mawe yasianguke, kwa kumbukumbu ya wachimbaji wa eneo hilo.

Na Agosti ikifika, Des Moines hufanya maonyesho ya kilimo ya jimbo yaliyoanza 1854. Mtanzania aliyezoea Nanenane atayatambua mara moja: mifugo iliyoogeshwa, maboga yanayozidi uzito wa watu watatu, vijana wa vijijini waliovaa nguo zao safi wakisubiri uamuzi juu ya ndama waliyemlea. Huvutia wageni zaidi ya milioni moja, na tangu 1911 ng'ombe aliyechongwa kwa siagi husimama kwenye kabati la baridi akitazamwa na foleni isiyokatika.

Vitabu, minara na viazi

Mwaka 2008 UNESCO iliutangaza Iowa City kuwa Mji wa Fasihi, wa kwanza Marekani. Sababu ni chuo kikuu chake, ambacho tangu 1936 kina karakana ya uandishi iliyowalea waandishi wengi wakubwa, na tangu 1967 hualika waandishi kutoka duniani kote kuja kukaa na kuandika.

Afrika Mashariki ina deni na mji huu. Taban lo Liyong, aliyekulia Uganda, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuhitimu katika karakana hiyo. Mwaka 1968 alirudi Nairobi, na mwaka huo huo, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba, akadai Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe ili fasihi ya Afrika iwe katikati. Mjadala ule ulibadilisha vitabu ambavyo watoto wetu husoma shuleni. Mwandishi mwingine wa Uganda, Peter Nazareth, alifika 1973 na akakaa, akafundisha fasihi ya Afrika hapo kwa miongo mingi.

Mwendo wa nusu saa kuelekea kaskazini, katika mtaa wa nyumba za kawaida wa Cedar Rapids, kuna jengo dogo jeupe lenye kuba. Ni Msikiti Mama wa Marekani, uliojengwa 1934 na wahamiaji kutoka Lebanon na Syria, na ndio mkongwe kuliko yote iliyojengwa Marekani kwa kusudi la kuwa msikiti na ikasimama hadi leo. Na Des Moines hutolewa Tuzo ya Chakula Duniani, iliyoasisiwa 1986 na Norman Borlaug, mtoto wa mkulima wa Iowa. Mwaka 2016 miongoni mwa waliotunukiwa alikuwa Robert Mwanga wa Uganda, kwa kazi ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A.

Gharama zisizo kwenye bango

Mwenye kukusifia mahali bila kukutajia baridi yake hakutakii mema. Januari ya Iowa hushuka chini ya nyuzi 20 za baridi, na Februari 1996 mji wa Elkader ulifika nyuzi 44 chini ya sifuri. Bili ya kupasha nyumba joto iwekwe kwenye hesabu kabla ya kusaini chochote. Kodi ya majengo hukaribia asilimia moja na nusu ya thamani ya nyumba kwa mwaka, juu ya wastani wa nchi. Gari ni lazima sehemu nyingi. Iowa City ilifuta nauli ya mabasi yake Agosti 2023, lakini miji mingi haina basi la kukufikisha zamu ya usiku.

Kima cha chini cha mshahara ni dola 7.25 kwa saa na hakijapanda tangu 2008. Viwanda vya nyama hulipa zaidi ya mara mbili ya hicho, lakini ni kazi ya visu, baridi na mikono inayouma usiku. Nyumba nyingi za wahamiaji zimenunuliwa kwa mabega hayo, na haifai kuzisifia nyumba tukayanyamazia mabega.

Mbingu nazo zina siku zake. Tarehe 10 Agosti 2020 dhoruba ya upepo ulionyooka iliivuka Iowa mchana, ikafika kasi ya kama kilomita 225 kwa saa huko Cedar Rapids na kuunyang'anya mji huo zaidi ya nusu ya kivuli cha miti yake. Upepo huo huo, siku zake za upole, huzungusha mitambo inayozalisha zaidi ya nusu ya umeme wa jimbo.

La mwisho ndilo zito zaidi. Mahindi na nguruwe, ambao ni zaidi ya milioni 20, huacha naitreti nyingi kwenye mito. Mwaka 2025 mamlaka ya maji ya eneo la Des Moines ilipiga marufuku kumwagilia nyasi za majumbani ili mitambo ya kusafisha iweze kuhimili. Iowa pia iko miongoni mwa majimbo yenye viwango vya juu kabisa vya wagonjwa wapya wa saratani, na wakazi wake wanadai majibu kwa sauti inayozidi kupanda. Anayenunua nyumba yenye kisima aombe kipimo cha maji kwanza. Wilaya zina mpango wa kuvipima visima vya watu binafsi bila malipo.

Nayasema haya kwa sababu mwenye nyumba ana haki ambayo mpangaji wa kupita hana. Anahudhuria mkutano wa bodi ya shule. Anauliza kuhusu mto. Ralph, Wameskwaki na Clark hawakuipokea Iowa kama walivyoikuta, na aliyefika jana kutoka Kivu hana sababu ya kuipokea hivyo.

Basi simu ikilia kutoka huko, tuliache lile swali la mji gani. Kama ni baada ya Mei, muulize mpigaji: mmepanda nini mwaka huu? Utasikia sauti ikibadilika. Mtu hukusimulia shamba lake akiwa na mahali pa kulilima.